Fundi mabango aliyehamia kwenye vioo: uchambuzi wa kisa kimoja cha Mtwara

Ukiuliza pale karibu na Soko Kuu la Mtwara kwa nini yule fundi mabango aliacha kuchora akaanza kupiga picha vioo vya maduka, jibu utakalopewa ni njaa. Mashine za kuprinti zilikuja, kazi ikakata, mwenzetu akashika kamera. Maelezo hayo yana ukweli wake, ila yanaacha jambo kubwa nje. Mafundi wengine waliokosa kazi kipindi kilekile walikwenda kwenye bodaboda, kwenye korosho, na wachache kwenye studio za pasipoti na harusi. Huyu alikwenda kusimama mbele ya madirisha, mahali ambapo hapakuwa na mteja hata mmoja. Njaa ingempeleka harusini. Kilichompeleka madirishani ni kitu kingine, na mimi nashikilia kwamba kilikuwa mikononi mwake miaka mingi kabla hajagusa kamera.

Jina lake hataki liandikwe, kwa hiyo nitamwita Fundi, kama anavyoitwa mtaani.

Fundi ni mtu wa upande wa Newala, kule juu kwenye uwanda wa Wamakonde, na aliyemlea kisanaa ni mjomba wake, mchonga vinyago. Kwa wenyeji wa kule hakuna ajabu: ukoo unakwenda kwa mama, na mjomba ana kauli juu ya mtoto wa dada yake. Mjomba alichonga ule mtindo wa ujamaa, watu wengi kwenye gogo moja la mpingo, wamepandana na kushikana hadi hujui mkono huu ni wa nani. Kijana akapewa tezo, mkono ukamkataa. Kwenye mpingo ukishatoa umetoa, hakuna kurudisha, na yeye alikuwa mtu wa kubadili mawazo katikati ya kazi. Mjomba akamwambia bila kumficha kwamba atafute kitu kinachofutika.

Akashuka Mtwara mjini akajifunza kuandika mabango kwa mzee mmoja wa Chikongola. Hapo ndipo alipopata mkono. Aliandika majina ya maduka, ya saluni, ya mabasi, tahadhari za nguzo za umeme, bei za nyama choma. Jioni alichora vya kwake. Shule yake ya rangi ilikuwa mahali ambapo huenda usingetegemea: Kanisa la Mtakatifu Paulo, Majengo, ambalo ukuta wake wa mbele na wa pembeni umejaa visa vya Biblia vilivyochorwa na padre Mbenediktini kutoka Ujerumani, Polycarp Uehlein, ambaye michoro yake ipo pia Nyangao, Lindi na kwingineko kusini. Fundi ni Mwislamu. Aliomba ruhusa, akavua kofia kwa heshima, akakaa benchi la nyuma kutazama jinsi rangi moja inavyoisukuma nyingine. Alirudi mara nyingi hadi mfagiaji akawa anamwachia mlango.

Kwa ajili ya kula alichora vya watalii pia. Tingatinga alizijua vizuri, na watu wa kusini wana haki ya kujivunia hapo, maana Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alizaliwa Tunduru kabla ya kwenda Dar es Salaam na kuanza kupaka wanyama wake kwenye hadibodi kwa rangi za kung'aa za baiskeli. Kitu kingine kilichouzika kilikuwa Boma la Mikindani, lile jengo jeupe la Wajerumani la mwaka 1895. Fundi amelichora mara zisizo na idadi. Alifika mahali analichora huku anasikiliza mpira redioni, na mwenyewe anasema siku alipogundua hilo alijua kuna kitu kimeisha.

Sasa tuje kwenye kazi ambayo watu hawaizingatii, na ndiyo kiini cha kisa chote.

Fundi mabango mzuri huitwa pia kuandika kwenye kioo cha duka. Kioo cha nje hakiandikwi kwa nje, kwa sababu vumbi, chumvi ya bahari na kitambaa cha mfagiaji vitaimaliza rangi mapema. Unaandika kwa ndani. Maana yake herufi zote unaziandika kinyume, kutoka kulia kwenda kushoto, ili anayepita barabarani azisome sawasawa. Kabla ya hapo unasimama nje na chaki, unapima, unapiga mistari miwili ya juu na chini, unachora umbo la kila herufi upande wa kusomeka. Kisha unaingia ndani, unafuata chaki ile kwa brashi kupitia unene wa kioo. Herufi yenye kivuli huanza kupakwa uso wake, kivuli kinafuata nyuma, mandhari, yaani rangi ya nyuma ya herufi, ya mwisho kabisa; mpangilio wa ukutani umegeuzwa wote. Ukikosea mpangilio, kwa nje inaonekana mandhari tupu na herufi zimezama.

Fundi alifanya kazi hiyo miaka mingi. Fikiria mtu anayepiga chaki mbele ya kioo cha duka la vitambaa saa nne asubuhi. Mbele yake kuna majora ya vitenge. Juu ya majora, kwenye kioo hichohicho, kuna barabara iliyo nyuma ya mgongo wake: mnazi, bajaji, mama anayevuka na ndoo. Ili mstari wake unyooke lazima avipuuze vyote viwili aangalie ncha ya chaki. Anasema kulikuwa na siku mnazi unamsumbua hadi anamwomba mtu asimame nyuma yake na mwavuli ili kioo kitulie. Kwa hiyo alijua, kwa mikono, kwamba kitu cheusi kikisimama nyuma yako kioo kinafunguka unaona ndani. Alijua kwamba ukijisogeza pembeni taswira ya barabara inakaza. Kusoma maandishi yaliyogeuka ilikuwa kazi yake ya kila wiki. Mambo hayo mpigapicha wa kawaida huhitaji muda mrefu kuyazoea, na yeye aliyapata akiwa analipwa kuandika "BEI POA".

Kisha zikaja fleksi, yale maturubai ya plastiki yanayoprintiwa. Nakumbuka jinsi mji ulivyobadilika ile miaka ya matumaini ya gesi, kabla bomba la kwenda Dar es Salaam halijazinduliwa 2015: hoteli, ofisi, fremu mpya za maduka zenye milango ya alumini na vioo vya tinti kuanzia chini hadi juu. Kwa hiyo mji ulipata vioo vingi kuliko ulivyowahi kuwa navyo, na papo hapo ukaacha kumwita fundi wa kuandika juu yake. Bango la fleksi linatoka kwa saa moja, lina picha ya simu au ya nywele, na likichakaa unaprinti jingine.

Akiwa hana kazi ndipo akaanza kuvitazama vile alivyokuwa akivipuuza. Alitaka kuvichora. Alichukua simu akapiga picha dirisha la duka la vitambaa, kwa nia ya kumbukumbu tu, ili akifika bandani ajue mnazi ulikatia wapi. Matumizi haya ya picha ni ya zamani sana. Eugène Atget, aliyepiga picha mitaa ya Paris tangu mwishoni mwa karne ya 19, alijitangaza kwamba anauza kumbukumbu kwa ajili ya wasanii, yaani picha za kuwasaidia wachoraji. Na miaka ya 1920 ndiye aliyepiga madirisha ya maduka yenye masanamu ya nguo huku miti na majengo ya ng'ambo yakiwa yamelala juu yao. Richard Estes wa Marekani naye, tangu miaka ya 1960, alijenga jina kwa kuchora vioo vya New York akitumia picha alizopiga mwenyewe, akichanganya kadhaa kwa mchoro mmoja. Kwa hiyo Fundi alikuwa ameshika njia inayopitika.

Kwake haikupitika, na sababu ni ya kiufundi kabisa. Rangi aliyoizoea ni ile nzito ya kung'aa, ya mabango. Inafunika. Kila unapoiweka, kilicho chini kimekwisha. Estes na wenzake walikuwa na rangi ya mafuta au akriliki wanayoweza kuichanganya taratibu, toni kwa toni, hadi jicho likubali kwamba vitu viwili vipo mahali pamoja. Fundi kwenye hadibodi alilazimika kuamua kila sehemu: hapa ni mnazi au ni kitenge? Nimeiona michoro ile, ipo imeegemezwa ukutani nyuma ya mlango wake. Ina rangi nzuri. Lakini mnazi umekatwa ukabandikwa juu ya kitenge, na mwanamke anayepita anaonekana amekwama dukani. Uchoraji wake wote ulikuwa wa mipaka iliyo wazi, na somo alilochagua halina mpaka.

Aliyeamua mambo ni binti wa dada yake, aliyekuwa anasoma chuo na kuja kwake likizo. Alichukua simu, akatazama ile picha ya kumbukumbu, akatazama mchoro, akasema, "Mjomba, mbona kazi umeshaimaliza hapa kwenye simu?" Kwa desturi ya kwao mpwa hamsemi mjomba hivyo. Alinyamaza siku nzima. Kesho yake alitoka na simu, brashi akaziacha.

Picha ninayoiona kuwa ndiyo kilele cha kazi yake ilikuja baadaye kidogo, na inafaa tukae nayo, kwa kuwa inaeleza kila kitu. Ni kioo cha duka la vyombo. Karibu eneo lote la juu ni barabara: anga jeupe la mchana, bati, waya za umeme, bango la mkono lenye maandishi yaliyogeuka. Katikati kuna mwanamke aliyevaa baibui jeusi, amesimama kusubiri kuvuka. Ndani ya umbo lake, na ndani ya umbo lake tu, unaona duka: masufuria yaliyopangwa kwa ukubwa, hotipoti tatu zenye maua mekundu, beseni la bluu, bei iliyoandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha boksi. Nje ya baibui hakuna sufuria hata moja. Watu wakiiona mara ya kwanza hudhani ametumia kompyuta.

Hajatumia. Kioo cha kawaida kikitazamwa uso kwa uso hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga kwa kila upande, yaani kama asilimia 8 kwa pande zake mbili, na kinachobaki kinapita. Asilimia 8 inaonekana ndogo. Lakini jua la adhuhuri la Mtwara nje linaweza kufika kama laksi 100,000, laksi kikiwa kipimo cha mwanga unaoangukia mahali, wakati ndani ya duka lenye taa unazungumzia mamia machache tu. Sehemu ndogo ya jua inaifunika taa yote. Ndiyo maana mchana unaona barabara kwenye kioo na si bidhaa. Sasa weka baibui jeusi mbele ya kioo hicho. Kitambaa cheusi hakina mwanga wa kurudisha, kwa hiyo pale taswira ya mama ilipo kioo hakina cha kuonyesha kutoka nje, na mwanga mdogo wa ndani unapata nafasi ya kujitokeza. Kanga nyeupe ingelifuta duka. Mwavuli mweusi hufanya kazi sawa na baibui. Mlango wa lori ulio kivulini nao hufanya.

Fundi hakuambiwa hayo na mtu. Yanatoka moja kwa moja kwenye ule mwavuli aliomwomba mwenzake ashike siku za chaki. Anachofanya sasa ni kuchagua kioo chenye vitu vinavyostahili kuonekana, kusimama pembeni ili mwili wake mwenyewe usitoboe picha, na kungoja mtu mwenye nguo nyeusi apite mahali panapotakiwa. Kungoja huko ni kwa mchoraji: ameshaichora picha kichwani na amebakiza umbo moja. Hapo naona ukoo wake na mjomba pia, wale watu wa gogoni waliogawana mwili mmoja, ingawa yeye mwenyewe nikimwambia hivyo hucheka na kusema mimi nimesoma sana.

Kwenye kamera alipata shida ambayo wauza kamera hawakumwambia. Aliona simu haitoshi, akanunua kamera kubwa ya mtumba kutoka Dar es Salaam, na picha zikawa mbaya kuliko za simu. Sababu ni umbali. Taswira kwenye kioo haikai juu ya kioo. Ukisimama mita 2 kutoka dirishani na bango likiwa mita 12 upande wa pili, lensi lazima ilenge mita 14, huku sufuria lililo mita moja nyuma ya kioo liko mita 3 tu. Simu ina kihisi kidogo sana na hivyo inashika vyote viwili kwa ukali bila kuulizwa. Kamera kubwa inachagua kimoja, kingine kinakuwa ukungu, au mbaya zaidi inalenga vumbi la kioo. Ilibidi ajifunze kubana tundu la lensi hadi namba 11 au 16 (namba ikikua tundu linapungua, na vya karibu na vya mbali vinashika pamoja), kuzima fokasi ya kujiendesha, na kukubali spidi ndogo. Alinunua pia ile chujio ya polaraiza, ambayo wengi huitumia kufuta mng'ao wa kioo. Inafuta zaidi ukitazama kwa mteremko wa nyuzi kama 56, ukihesabu kutoka pale unapokikabili kioo uso kwa uso. Yeye huizungusha nusu tu, anapunguza barabara kiasi, anaongeza duka kiasi. Hicho ndicho kitu rangi yake ya mabango ilimnyima.

Na majira nayo. Mtwara iko nyuzi kama 10 kusini mwa ikweta. Miezi ya Juni na Julai, kusi likivuma na anga limekauka, jua la adhuhuri limeegemea kaskazini. Vioo vinavyotazama kusini vinakaa kivulini mchana kutwa huku upande wa pili wa barabara unawaka. Hiyo ndiyo hali bora: kioo gizani, mtaa juani. Kufikia Desemba jua limehamia kusini na yeye anahamia vioo vya upande mwingine. Ana daftari la madirisha kama mkulima alivyo na daftari la mashamba, limeandikwa mwelekeo na mwezi. Umeme ukikatika hufurahi peke yake mtaani, maana ndani kunakuwa giza zaidi na kioo cha duka zima kinageuka bahari.

Mikindani haimo kwenye daftari hilo. Mji ule mkongwe, ulio kama kilomita 10 tu kutoka mjini, una kuta za mawe na chokaa, milango ya nakshi na madirisha ya mbao. Wachoraji wanaupenda, naye ameuchora kuliko wote. Ila hauna vioo vya kutosha kumrudishia mtu chochote. Wageni wanapomuuliza kwa nini hapigi picha mahali pazuri, akiwa Mtwara mjini ambako wao wanaona mabati na fremu, hujibu kwamba Mikindani inatazamwa na Mtwara inatazama.

Shida za watu zilikuwa kubwa kuliko za lensi. Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha mlinzi wa benki moja, ambaye mazungumzo yao Fundi huyarudia kwa sauti mbili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mjomba, hapa hapapigwi picha, hujui?"

"Sipigi benki, mzee wangu. Napiga ule mnazi."

Mlinzi akageuka, akatazama ng'ambo ya barabara, akarudi. "Mnazi uko nyuma yako. Mashine umeielekeza kwangu."

Ukitazama kwa haki, mlinzi alikuwa sahihi kabisa. Fundi alikaa ofisini kwa meneja hadi jioni, picha zikafutwa mbele ya macho yake, na tangu hapo benki, bandari na vituo vya polisi ameviondoa. Alichoweka badala yake ni utaratibu ninaoupenda: anaingia dukani kwanza, anasalimia, anaeleza, anaonyesha picha za nyuma kwenye simu, na ikitoka nzuri mwenye duka anapata nakala yake. Wenye maduka wengi ni watu aliowaandikia mabango, kwa hiyo neno lake lina uzito. Mmoja tu alimfukuza, akidai anapiga picha mali zake ili azipeleke kwa mshindani.

Suala la wapita njia halijatulia. Yule mama wa baibui uso wake hauonekani, umefunikwa na sufuria. Wengine wanaonekana. Fundi ana kanuni yake: uso unaotambulika hautundikwi mpaka mwenyewe aone. Mtwara ni mji wa kujuana, na kumpata mtu si kazi. Amepoteza picha nzuri mbili tatu kwa kanuni hiyo, na nadhani amefanya vyema, kwa kuwa mtu aliyesimama barabarani hajui kwamba yumo kwenye kioo na hana nafasi ya kujipanga wala kukataa.

Picha zake za msimu wa korosho zinahitaji kutajwa, hata kama kwa haraka. Kuanzia Oktoba minada ikianza, fedha zinaingia, na watu wa vijijini wanashuka mjini kununua mabati, pikipiki, sola, vitenge. Kwenye vioo vya maduka ya pikipiki wanaonekana wamesimama nje wakitazama ndani, na kwa kuwa wamejisogeza karibu wakakinga mikono machoni, kivuli chao wenyewe kinafungua kioo: kila mtu ana tenki la pikipiki kifuani. Hizo ni picha za tamaa zilizo na heshima, na sijaona mwingine aliyeipiga korosho bila kupiga korosho.

Si kazi yote iko hivyo. Ana picha nyingi za mawingu na minazi kwenye vioo vya hoteli, zinapendeza, na zinapendeza tu. Nimemwambia. Kioo kinapendezesha chochote, na mchoraji aliyechoka na Boma anaweza kujikuta ametengeneza Boma jingine.

Maonyesho yake ya kwanza mjini yalitaka kuharibika kwa sababu ambayo mtu angeicheka. Picha zilipelekwa kwa fundi fremu, zikawekwa kioo cha kawaida cha milimita 3, zikatundikwa ukuta unaotazamana na madirisha. Wageni wakaingia na kujiona wenyewe. Picha zile zina maeneo mengi meusi, na maeneo meusi chini ya kioo ndiyo yanayogeuka kioo cha kujitazamia. Pale palipokuwa na masufuria ndani ya baibui, mgeni aliona dirisha la ukumbi na shati lake jeupe. Wapo waliosifu wakidhani ndiyo nia. Fundi alikuwa karibu kulia. Kioo maalumu cha kuzuia mng'ao kipo duniani, lakini kwa fundi fremu wa Mtwara hukipati, na kukiagiza ni gharama.

Alichofanya usiku ule kinaonyesha kwamba kanuni ameielewa hadi mwisho. Alikwenda sokoni akanunua kaniki, ile nguo nyeusi ambayo bibi zetu wa kusini wameivaa shambani na msibani, akatundika ukuta mzima wa upande wa madirisha. Kukawa hakuna kitu cheupe cha kurudishwa. Kesho yake vioo vilitulia na picha zikaonekana. Mzee mmoja aliyeingia aliuliza kwa sauti ya chini nani amefariki.

Kwa maonyesho yaliyofuata aliachana na kioo. Anaprinti kwenye karatasi isiyong'aa, inabandikwa kwenye bodi na kupewa laminesheni ya matti. Rangi nyeusi inapungua kina kidogo, na anayezijua picha zake kwenye skrini huliona hilo. Hatari ya pili ni hewa yetu. Masika karatasi isiyofunikwa vizuri inapata madoa ya ukungu pembeni, na chumvi haisaidii.

Anauza kidogo, kwa wageni na kwa maofisi. Mabango ya mkono bado huyaandika akiitwa. Hapo anafanana na Saul Leiter, aliyekwenda New York mwaka 1946 akitaka kuwa mchoraji, akawa maarufu kwa picha za rangi zilizopigwa kupitia vioo vyenye mvuke na mvua, lakini rangi na karatasi hakuziacha hadi alipofariki 2013. Wanaosema Fundi ameacha uchoraji wangemwona akipima mistari kwa chaki wangenyamaza.

Kikwazo kipya ni stika. Wenye maduka sasa wanafunika kioo kizima kwa stika iliyoprintiwa, juu hadi chini, na dirisha linakuwa ukuta. Baadhi ya vioo vya kwenye daftari lake vimeshakufa hivyo. Mwaka huu ameanza kujaribu mabasi stendi ya Mkanaledi, ambako kioo kimejipinda na nguzo zinaonekana zimelewa. Bado hajapata picha anayoikubali.

Na kuna hoteli moja inayotaka picha kubwa kumi na mbili za koridoni. Wenyewe wanataka ziwekwe kioo ili zifutike vumbi kirahisi, naye amegoma. Mazungumzo yamefika mahali pa kupeana sampuli: amewapelekea bodi moja isiyo na kioo, ile ya masufuria, imetundikwa karibu na ngazi hadi masika yaishe, waone kama ukungu utaigusa.